Hirizi za Kirumi za nyumbani: anza na ipi?

Mwaka juzi niliagiza mtandaoni kengele ya mlangoni ya mtindo wa Kirumi, tangazo likisema "bronzi, kazi ya mkono". Ilipofika nikaigonga kwa ukucha: tak, kama kikombe cha plastiki. Kumbe ni resini iliyotiwa unga wa bronzi, na ile kutu ya kijani imepakwa kwa brashi. Siku hizi kabla sijalipa namwomba fundi anitumie video akiigonga, na uzito wake kwa gramu.

Namba moja kwangu bado ni hiyo hiyo kengele, tintinnabulum, ila iwe bronzi kweli, yaani shaba na bati. Warumi waliitundika nyumbani na dukani kuzuia kijicho. Sasa, tuambiane ukweli: umbo lake la kawaida ni uume, mara nyingi wenye mabawa, na vikengele vinaning'inia chini. Kwao ilikuwa kinga. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi, ameandika kwamba ishara hiyo iliwalinda watoto wachanga na majemadari, hata ikatundikwa chini ya gari la jemadari aliyerudi na ushindi. Kama wakwe hawakosi kwako, itundike chumbani. Nzuri huanza na umbo la nta: linafunikwa udongo, nta inayeyushwa itoke, bronzi inamiminwa ndani. Angalia mizizi ya mabawa. Gundi ikionekana hapo, rudisha. Vikengele navyo vilie kila kimoja kwa sauti yake.

Ya pili ni sanamu ya Lar, mlinzi wa nyumba: kijana wa kanzu fupi kama anayecheza ngoma, mkono mmoja umeinua pembe ya kunywea, mwingine una bakuli. Mwenye haya aanzie hapa. Nunua wawili, maana mara nyingi waliwekwa jozi, kama wanavyoonekana kwenye mchoro wa ukutani katika nyumba ya akina Vettii, Pompeii, mji wa kale wa Kirumi. Vidole vikiwa vimeshikana kama donge, hiyo kalibu imechoka.

Bajeti ikibana, chukua kibao cha HIC HABITAT FELICITAS, "hapa ndipo inapokaa heri". Cha asili kilikuwa juu ya tanuri la mwoka mikate wa Pompeii, na katikati ya maneno hayo kuna uume, ambao wauzaji wengi huuondoa kimyakimya. Nakala za udongo wa kuchoma ni nafuu lakini huvunjika njiani, kwa hiyo ulizia kifungashio kabla ya bei.

Bulla, kidani cha hirizi, naiweka mwisho. Ilikuwa ya kuvaliwa shingoni na mvulana, na alipokuwa mtu mzima aliwakabidhi akina Lar. Kama tayari unao hao wawili, wavishe.

Bronzi usiisugue kwa limau, utaondoa rangi yote ya uzee. Kitambaa kikavu kinatosha. Wa pwani, kwa ile chumvi ya hewani, ongezeni nta kidogo.