Auskick: mlango mzuri, kazi iko baadaye
Kwa mtoto anayeanza mpira wa Australia, ule unaochezwa kwa mikono na miguu kwa mpira wa umbo la yai, Auskick, mpango wa watoto wa AFL (ligi kuu ya mchezo huo), ni pa kuanzia hasa. Mipira ni midogo, hakuna kuangushana, na wazazi wa kujitolea ndio wanaoiendesha. Ubora wake basi unategemea klabu. Kabla ya kulipa ada, nenda ukatazame. Ukiona foleni ya watoto kumi wakingoja mpira mmoja, tafuta klabu nyingine. Mtoto anayesimama tu harudi msimu ujao. Vikundi vya watano au sita, kila kimoja na mpira wake, ndivyo vinavyofaa.

Tazama pia teke linavyofundishwa. Mtoto akiurusha mpira juu kwanza, unageuka hewani na kumponyoka mguuni. Auachie chini, karibu na mguu, ncha ikielekea ardhini.

Wengi huacha mchezo wanapohamia timu za klabu, ambako wanakutana na kocha mgeni na kukabana. Klabu makini huwaalika mazoezini kabla msimu haujaisha, pamoja na marafiki zao, na kuwaweka timu moja. Kocha naye awazungushe nafasi. Mtoto asiachwe pembeni kila mechi.