Intaneti ya kebo ughaibuni: tatizo lilikuwa nyuma ya kabati

Kwa wiki tatu intaneti ya nyumba niliyopanga huku ughaibuni, inayokuja kwa waya ule ule wa televisheni ya kebo, ilikatika kila jioni, na jioni ndiyo saa pekee ninayoweza kumpigia mama. Sura yake inaganda, sauti inakuja vipande vipande, kisha simu inakata. Inaumiza sana kulala hujamsikia mzazi vizuri.

Kifurushi changu ni cha Mbps 200, na nikipima asubuhi napata 190 na kitu. Nikipiga huduma kwa wateja, kwa lugha ambayo bado najifunza, jibu ni lile lile: zima modemu (kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwenye waya wa kampuni), subiri, washa. Mara ya nne wakanishauri ninunue ruta mpya, yaani kile kifaa kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba. Nashukuru sikununua.

Kwanza nilichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, nisije nikailaumu waifai bure. Nikafungua madirisha mawili: moja likipiga pingi, yaani kutuma vipande vidogo vya data (pakiti) na kusubiri jibu, kwa ruta yenyewe, 192.168.1.1, jingine kwa 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Saa mbili usiku intaneti ilipoanza kusuasua, ruta ilijibu kila pakiti ndani ya milisekunde 1, lakini kule nje zilipotea pakiti 14 katika kila 100. Basi ruta ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kuanzia kwenye modemu kwenda nje.

Modemu nyingi za kebo zina ukurasa wake kwenye 192.168.100.1, nao unaufungua kwa kivinjari cha kawaida. Humo nikakuta nguvu ya mawimbi yanayoingia ni -14 dBmV (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye waya). Kiwango kizuri ni kati ya -7 na +7. Ukikaribia -15 uko ukingoni. Nguvu ya kutuma ilikuwa 51, karibu na kikomo, maana yake modemu ilikuwa inapaza sauti ili isikike upande wa pili. Na hesabu ya makosa yasiyorekebishika, yaani data iliyofika imeharibika kabisa, ilipanda huku natazama.

Nikafuata waya. Nyuma ya kabati la sebuleni nikakuta splita mbili, vile vifaa vya kugawa waya mmoja kuwa njia kadhaa, moja imeungwa kwenye nyingine, zimejaa vumbi, matundu mengine hayana kitu. Bila shaka ziliachwa na mpangaji aliyekuwa na televisheni zaidi ya moja. Splita ya njia mbili hupunguza nguvu kwa takriban desibeli 3.5, kwa mawimbi yanayoingia na yanayotoka pia. Nikaziondoa zote, waya ukaenda moja kwa moja kwenye modemu. Namba zikawa -7 na 44. Usiku ule niliongea na mama dakika arobaini.

Hata hivyo makosa hayakwisha, hasa ikinyesha. Nikapiga tena simu, safari hii nina karatasi yenye tarehe, saa na namba. Sarufi yangu mbovu haikunizuia: nilizisoma moja moja, na yule dada akaniunganisha na kitengo cha ufundi palepale. Fundi alikuja siku ya tatu. Alifungua kiunganishi cha ukutani nje, akanionyesha kutu ya kijani na tone la maji ndani yake. Akakata kipande cha waya, akabana kiunganishi kipya, akakifunika kwa mpira. Dakika ishirini tu. Nikamuuliza kwa nini jioni. Akasema majirani wakiwasha vyombo vyao, kelele za umeme huongezeka kwenye laini, na mawimbi dhaifu ndiyo huzidiwa kwanza.

Miezi miwili sasa, imekatika mara moja tu, tena walitoa taarifa mapema. Laini naipa 5 kati ya 5, fundi vilevile. Huduma kwa wateja naipa 2, kwa sababu namba zile za modemu wanaweza kuzisoma wakiwa ofisini kwao, na kwa wiki tatu hakuna aliyezitazama.