Nilimlipa wakala wa "ukaazi mpaka uraia": nyota tatu kati ya tano

Niliingia Uingereza Februari 2018 kwa viza ya kazi, ile iliyoitwa Tier 2 General kabla Skilled Worker haijachukua nafasi yake Desemba 2020. Makaratasi ya mwanzo nilihangaika nayo mwenyewe: namba ya udhamini kutoka kwa mwajiri, mtihani wa Kiingereza, cheti cha kupimwa kifua kikuu. Kuongeza muda mwaka 2020 nikafanya mwenyewe pia. Ukaazi wa kudumu ulipokaribia, mwaka 2022, ndipo woga ukanishika. Ada peke yake ilikuwa pauni 2,404, na ukikataliwa ndiyo imeenda. Nikaona bora nimlipe anayejua. Nikapata ofisi moja, jina kapuni, iliyokuwa na kifurushi cha hatua mbili: ukaazi kwanza, uraia baadaye.

Kabla ya kulipa nilihakikisha wamesajiliwa, maana huku kutoa ushauri wa uhamiaji bila kibali ni kosa la jinai. Orodha iko wazi mtandaoni, siku hizi inatunzwa na Immigration Advice Authority, ambayo zamani ilikuwa OISC. Kama "mshauri" wako hayumo humo na si wakili, ni mtu tu mwenye simu na maneno mengi. Nimewaona wawili wa aina hiyo, wote wakarimu sana mpaka ulipe.

Haki yao niwape. Barua ya mwajiri niliyoomba kazini ilisema nimeajiriwa na ninalipwa kiasi gani, basi. Mshauri akairudisha siku ileile: haikusema kwamba bado wananihitaji kwenye kazi hiyo. Sentensi moja, lakini ni ya lazima, na mimi nisingeiona. Pia alinikuta nimejiandikisha mtihani wa Life in the UK, ule wa historia na maisha ya Uingereza, kwa majina mawili wakati pasipoti yangu ina matatu. Jina lisipolingana na kitambulisho unarudishwa mlangoni na pesa yako hairudi. Mtihani wenyewe ni maswali 24 kwa dakika 45, unapita kwa 18, ada pauni 50. Nilipita, na hadi leo nawajua wake sita wa mfalme Henry VIII kuliko ninavyomjua Mkwawa.

Balaa lilikuja kwenye siku.

Sheria ilinitaka nisiwe nimekaa nje ya Uingereza zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote, na neno la kuangalia ni hilo "yoyote". Si Januari mpaka Desemba. Unachukua tarehe yoyote, unahesabu miezi 12, na dirisha hilo linatembea nawe miaka yote mitano. Kati ya Oktoba 2018 na Septemba 2019 mwajiri alinituma mara tatu kwenye mradi Nairobi, na katikati nikaenda Tanga likizo mara moja. Safari za kazi nazo zinahesabiwa. Mshauri akajumlisha, akaniandikia: siku 186, umevuka, ongeza viza mwaka mmoja kwanza. Yaani ada nyingine ya viza, na juu yake tozo ya afya, ambayo wakati huo ilikuwa pauni 624 kwa mwaka.

Usiku ule sikulala. Nilikaa sakafuni na pasipoti, nikafungua ukurasa mmoja mmoja, mihuri mingine imefifia hadi nikaimulika na tochi ya simu, huku nikiandika tarehe ya kutoka na ya kurudi kwenye daftari. Kisha nikafungua mwongozo wa serikali wenyewe, ambao uko bure kwa kila mtu. Zinahesabiwa siku kamili tu. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazimo. Yeye alikuwa amezijumlisha zote. Safari nne, siku mbili kila safari, ni siku nane. Nimebaki na 178.

Nikamtumia hesabu pamoja na kile kifungu. Jibu likatoka kwa bosi wake, sentensi mbili: "Uko sahihi. Tuendelee." Pole hata moja hakuna. Ukaazi ukatoka.

Baada ya miezi 12 nikastahili kuomba uraia, na hatua ya pili ikaanza. Wakanitumia orodha safi kabisa: nje zisizidi siku 450 katika miaka mitano na 90 katika mwaka wa mwisho, uwe ulikuwepo nchini siku ileile miaka mitano nyuma, wadhamini wawili wanaokufahamu. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa swali la Tanzania. Aliyeniuliza ni mama mdogo, kwa simu, nilipompa habari.

"Hongera, mwanangu. Sasa kile kiwanja cha marehemu baba yako cha Pongwe, atakiandika nani?"

Nikanyamaza. Kwetu mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unaondoka, na asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Hadhi maalumu kwa diaspora iliyopitishwa na Bunge mwaka 2025 imelegeza hilo la ardhi, lakini si uraia. Mwenzangu Mkenya kazini hakuumiza kichwa, Katiba yao ya 2010 inamruhusu kuwa na vyote viwili. Nilipomuuliza mshauri, alijibu kwamba wao wanashughulikia sheria ya Uingereza tu. Sawa, kibali chake kinaishia hapo. Lakini kuuliza "umeangalia sheria ya kwenu?" kungemgharimu nini?

Nimeamua kubaki na ukaazi kwa sasa. Ninachotakiwa ni nisikae nje zaidi ya miaka miwili mfululizo, na sina mpango huo. Fomu ya uraia ipo mtandaoni, nimejaza jina na tarehe ya kuzaliwa tu.

Niliwaandikia wanirudishie nusu ya kifurushi ambayo sijaitumia. Wakasema mkataba hauruhusu. Nikausoma tena, taratibu safari hii, na kweli hauruhusu.