Masomo ya ubongo pale Katuba: yanafaa pesa yake, ila kaeni mbele

Nafundisha biolojia sekondari hapa Lubumbashi, na haya masomo ya jioni ya sayansi ya ubongo nimeyafuata yote, katika ukumbi wa parokia moja ya Katuba. Ni ya watu wa dini: masista, waseminari, wachungaji, na sheikh mmoja kijana asiyekosa hata jioni moja.

Dokta anayefundisha alisema wazi mfano kautoa wapi. Mwaka 2006 Dalai Lama, mkuu wa dini wa Wabuddha wa Tibeti, aliomba Chuo Kikuu cha Emory, kule Atlanta, kiandae masomo ya sayansi kwa watawa wa Kitibeti. Siku hizi watawa wa monasteri za Sera, Drepung na Gaden, kusini mwa India, wanasoma fizikia, biolojia na habari za neva. Hao hawamezi neno bila kulibisha: muulizaji husimama na kupiga kofi, mjibuji hukaa chini. Dokta naye anakaa chini, sisi tunasimama. Kwangu hilo pekee linatosha kumpa nyota nne.

Jioni ya ubongo wa mbuzi msiikose. Aliununua soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, akaulaza kwenye spiriti mpaka ukakaza, akaupasua kwa kisu cha jikoni. Nje kijivu, ndani mweupe. Weupe ule ni mafuta yanayofunika nyuzi za neva ili ujumbe ukimbie. Kipande cha nyuma alipokikata, matawi meupe yakatokea kama mti uliochorwa. Sista mmoja muuguzi akasimama, kofi pwa!

"Dokta, umeshika mafuta na maji. Huruma iko wapi hapo?"

Hakumkwepa. Alitueleza utafiti wa 2004: watawa waliokwisha kutafakari saa 10,000 hadi 50,000 walivishwa nyaya kichwani, na walipojitia katika huruma mawimbi ya gama, yaani mawimbi ya umeme wa ubongo yaendayo kasi, yakapanda kupita ya wanafunzi waliojifunza juma moja tu. Mseminari akambana: je, kutafakari ndiko kulikowabadilisha, au walizaliwa hivyo, na ndiyo maana wakaupenda utawa? Dokta akakubali kwamba utafiti ule peke yake hauwezi kulitenga hilo. Ingebidi kuwapima watu kabla hawajaanza, halafu kuwafuata miaka. Darasani kwangu sijawahi kupata swali zuri hivyo, na nimeshalichukua kwa wanafunzi wangu.

Somo la usingizi lilipitishwa mbiombio. Gurupu ya umeme, yaani jenereta, imewekwa chini ya dirisha, wa nyuma hawasikii kitu. Kinachoniuma zaidi ni karatasi: zote Kifaransa, na wale mama wa Legio ya Maria, chama cha sala cha Wakatoliki, wanaobishana vizuri kuliko wengi wetu wanarudi nyumbani na kitu wasichoweza kukisoma. Dokta anaeleza kwa Kiswahili safi kabisa. Basi aandike hivyohivyo, nami niko tayari kumsaidia kupiga chapa.

Ada ni dola 15, franga wanapokea, na unaweza kulipa kidogokidogo.