Nimelala pande zote mbili za mlango: yoti ya mita 50

Mlango wenyewe, unaotenga wageni na sisi wafanyakazi wa yoti, chombo cha anasa cha kukodisha, uko sitaha ya chini, mwisho wa ushoroba. Upande wa wageni umevishwa mbao ya kahawia iliyong'arishwa, hauna kitasa. Ukipita huwezi kujua kwamba pale pana mlango. Upande wetu ni ubao mweupe, na chini umechubuka kwa kugongwa na vikapu vya nguo chafu. Nimeupita kutwa mara arobaini, kiangazi kizima, kutoka Antibes, kusini mwa Ufaransa, hadi kisiwa cha Corsica na kurudi, nikiwa mhudumu wa vyumba. Jina la chombo silitaji, bado nahitaji barua ya nahodha.

Kabla ya msimu kuanza, nahodha alitulaza usiku mmoja katika vyumba vya wageni. Si ukarimu. Alitaka tujue bomba gani linavuja na taa gani inalia kabla mgeni hajalipia kero hiyo. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyalalia.

Vyumba vya wageni ni sita, vya watu 12 tu, kwa sababu abiria wakizidi 12 chombo kinahesabiwa meli ya abiria na sheria zake ni nyingine kabisa. Cha mwenye chombo kiko sitaha kuu, mbele, kimechukua upana wote, dirisha huku na dirisha huku. Sina neno nacho. Vinne kati ya vilivyobaki viko chini, katikati ya chombo, mahali ambapo mawimbi hayakurushi sana. Shuka pamba tupu, nasi tunazipiga pasi juu ya kitanda chenyewe, mgeni asione hata kunyanzi moja.

Bafu ndilo lililonichekesha. Marumaru kuanzia sakafu hadi dari, lakini gonga kwa kifundo cha kidole: inalia kama kifuu. Ni ganda jembamba lililobandikwa juu ya alumini yenye vitundu kama sega la nyuki, chombo kisilemewe. Na marumaru haitaki asidi. Mgeni mmoja aliacha vipande vya ndimu pembeni mwa sinki usiku kucha; alama yake ipo hadi leo, nami ndiye niliyeulizwa.

Kasoro ni mbili. Vile vyumba viwili vyenye vitanda vya mtu mmoja mmoja vinavyosukumwa vikawa kimoja: godoro juu waliweka, lakini ufa wa katikati unausikia mgongoni. Ya pili ni mapezi. Chombo kina mapezi chini ya maji ya kuzuia kwenda mrama, nayo hufanya kazi hata tukiwa tumetia nanga. Mapezi hayo yako jirani na vyumba vya katikati. Wimbi likiingia usiku unasikia kishindo, kimya, kishindo, kama mtu anayefungua na kufunga kabati bila kupata anachotafuta. Wakala wa kukodisha hakwambii hilo. Ukikodi, omba chumba cha mbele katika vile vinne.

Sasa kwetu. Waliosema kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani walituona sisi. Tuko 11, tumepangwa omoni, wawili wawili, kitanda juu ya kitanda. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unataka kitanda kisipungue sentimita 198 kwa 80 ndani. Nilikopa futi ya fundi wa mitambo nikapima changu: 198 kwa 80. Hakuna sentimita ya sadaka. Lakini pazia lipo, taa ya kusomea ipo, godoro ni zuri, na kiyoyozi chetu hakikuwahi kufa hata Agosti. Nimelala pabaya zaidi nchi kavu.

Dirisha ni duara la kiasi cha sahani. Tukiwa safarini hufungwa kwa kifuniko cha chuma. Tukisimama unaona maji ya kijani yakipanda na kushuka kwenye kioo. Mamangu, nilipomwonyesha kwa simu, aliuliza, "Mwanangu, uko juu ya bahari au chini yake?"

Linalochosha ni kelele. Mnyororo wa nanga unakaa mbele yetu, nyuma ya ukuta mmoja. Nahodha akiamua saa kumi na moja alfajiri tuhame ghuba, chuma kinapita karibu na kichwa chako, pingili baada ya pingili, na hapo hata wa zamu ya usiku aliyelala saa nane anaamka. Mashine za kufua na kukausha nazo ziko ng'ambo ya ushoroba wetu, zinazunguka hadi usiku wa manane, maana wageni 12 wanatumia taulo kama wako hamamu. Sheria inatupa saa kumi za mapumziko kwa siku. Karatasi tunajaza. Masikio hayajazi karatasi.

Na pa kuweka vitu hapana. Droo moja na nusu ya kabati. Sare ndizo zilizolijaza kabati, nguo zangu nikazilalia kwenye begi miguuni.

Mhandisi alinieleza kwa nini. Karatasi za chombo zinasema ukubwa wake, "gross tonnage", ni 499, na huo ni ujazo, si uzito. Wamekiweka chini ya 500 kusudi, kwani kuanzia hapo masharti yanakuwa mazito. Sasa ukiwa na ujazo usioruhusiwa kuongezeka, kila hatua anayopewa mgeni imetoka kwa mtu. Chumba cha viatu vya mke wa mwenye chombo ni kikubwa kuliko changu na cha mwenzangu. Hilo nalo nimelipima.

Vyumba vya wageni navipa nane na nusu kwa kumi, nusu nimekata kwa ule ufa na moja kwa mapezi. Vyetu sita. Nimeitwa tena mwezi wa tano, nimekubali, ila nimeandika kabisa: kitanda cha chini, upande wa mbali na mnyororo.