Uzoefu wangu: ziara ya nyumba za fito na udongo, Bagamoyo

Nusu siku upande wa Kaole, shilingi 25,000 pamoja na chakula cha mchana. Natoa nyota nne kati ya tano, na tatu kati ya hizo ni za fundi.

Kwingi mgeni huonyeshwa nyumba iliyokwisha, akapiga picha, akaondoka. Hapa wameacha ukuta mmoja wazi makusudi. Unaona nguzo za mikoko zimesimama, fito zimefungwa kwa kulala ndani na nje, katikati pametomewa mawe na udongo. Kisha unakandika mwenyewe. Mkandiko wa kwanza huachwa ukauke mpaka upasuke. Wa pili ndio unaoziba nyufa. Udongo ukizidi mfinyanzi hupasuka tena, kwa hiyo fundi huongeza mchanga, anaukamua mkononi na kuutazama kabla ya kukubali.

Kwenye paa nimeridhika zaidi. Makuti ni ya viungo, majani yamekunjwa juu ya kijiti na kushonwa. Yale ya kumba, yaani yaliyosukwa, ni ya kuzungushia ua. Kuezeka huanzia chini kwenye upenu kwenda juu. Kati ya kuti na kuti fundi anaacha upana wa kiganja. Ukiacha shibiri nzima ili kubana matumizi, masika yatakuvujia.

Nyota iliyopungua ni ya nyumba ya kulala wageni. Haikaliwi na haipikiwi, maana wanaogopa moto. Matokeo yake makuti yameanza kuliwa na wadudu, na mchwa wamepanda nguzo ya pembeni. Moshi wa kuni ndio dawa ya paa hili. Chini ya ukuta wamepiga plasta ya saruji, nayo imebanduka vipande vipande: saruji haishikani na udongo, na unyevu hunaswa nyuma yake. Bora wangeurefusha upenu wa paa na kukandika upya kila mwaka. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaolijua vizuri wako hapo hapo kijijini. Familia ikae humo, mgeni apewe chumba kimoja cha ukumbini, na baraza ibaki ya wenyeji.

Nenda Juni hadi Septemba. Wakati wa masika udongo haukauki, hivyo hakuna kukandika. Vaa nguo ya kuchafuka.