Mazoezi ya kusikia ukiwa na mashine ya masikio: msomaji wa nyumbani au redio?

Kwa mtu mzima wa Bukavu ambaye mashine yake imekwisha rekebishwa, tunapendelea msomaji. Anaketi umbali wa mita 1, anaficha midomo kwa karatasi isiyogusa kinywa (akiziba kwa mkono, s na f zinafifia), anasoma maneno 5 hadi 7. Msikilizaji anarudia neno kwa neno. Akikosea, soma tena mara moja. Akikosea tena, ondoa karatasi aone midomo, kisha ficha na urudie. Fanyeni dakika 5, hesabuni maneno sahihi, mgawanye kwa 5: namba hiyo ndiyo itaonyesha kama anapanda. Fika na shika, pata na bata, jozi kama hizo zisomwe peke yake, maana sentensi humsaidia kukisia. Sauti moja huzoeleka upesi, basi badilisheni wasomaji.

Redio haichoki, na habari za Kiswahili za Radio Okapi zina sauti nyingi. Ila haisubiri wala haisahihishi. Heri urekodi dakika 2 kwa simu, urudishe nyuma. Ukiongeza sauti hadi mwisho, spika inakwaruza.

Mtu anayelemewa na kelele za soko la Kadutu aviunganishe vyote viwili: redio ya sauti ndogo nyuma yake, msomaji mbele.